Sanda Yangu na Kigari cha Zuleica

Palma, Cabo Delgado
9 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Dauto,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Nampula? Kifua kimepoa? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi mzima, goti tu linanisumbua nikisujudu.

Ninasema mimi, anaandika mwanao Zuleica. Nimemwambia asipunguze neno, hata la kumsema yeye. Kwenye simu ulikata nikiwa bado naongea. Hii utaisoma mpaka mwisho.

Ni kweli alivyokuambia dada yako Laila. Zuleica alifungua sanduku langu akachukua sanda. Ile ile aliyoninunulia marehemu baba yako, niliyokimbia nayo kichwani siku ya vita, tukaacha hata sufuria. Yeye na wenzake wa shule wakaipiga mstari mweusi kwa rangi ya mafuta. Nimefua mara tatu, hautoki.

Nilipomuuliza akasema, "Bibi, ilikuwa imekaa tu."

Nikamwambia, "Na mimi je, si nimekaa tu? Mbona hukunipaka mimi?"

Nikajifunga kapulana yangu, ile kanga ya kutokea, nikaenda shule kumtukana mwalimu wao, Domingas. Maskini, yeye aliomba nguo nyeupe tu, hakujua ni sanda. Alipojua akashika kichwa. Wanatengeneza vigari vidogo, roboti, vinavyofuata mstari vyenyewe. Kigari kina macho mawili chini, nao wanakiandikia amri kwenye kompyuta: jicho hili likiona nyeusi, pinda huku. Sakafu yao ni nyeusi tangu shule ilipochomwa, mstari hauonekani. Karatasi zikiungwa, magurudumu yanakwama. Walitaka nguo moja ndefu isiyo na mshono.

Nikaikuta imetandikwa, mawe kwenye pembe. Kigari kikaenda, kufika kwenye kona kikapotea, kikazunguka kama kuku aliyechinjwa. Zuleica akaketi chini, akabadilisha amri, akakirudisha. Kikapotea tena. Mara ya tano kikapita kona, kikafika mwisho.

Dauto, mimi sikuwa natazama kigari. Mtoto huyu tangu vita haketi. Mlango ukibamizwa anaruka. Siku ile dawati lilianguka nyuma yake, paa! Hakugeuka.

Nikarudi nyumbani bila kumtukana mtu.

Umesema atolewe shule aolewe, kwa kuwa hana adabu. Hatoki. Kosa kafanya, na adhabu nimempa mimi: kila Ijumaa anafagia kaburi la babu yake na kumwombea dua. Nguo ilikuwa yangu, hasira ilikuwa yangu, nimeshaimaliza. Yako imalize huko huko.

Laila anakusalimu, mdomo wake bado mzima. Nisalimie mkeo Fátima na mjukuu wangu Amisse. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akulainishe na moyo.

Sanda nyingine usimpe mtu alete. Ilete mwenyewe, uje umwone mwanao ameketi. Mimi sina haraka nayo.

Mama yako, anayekupenda hata ukimkatia simu,
Awa