Mama na Aina Mbili za Vidonge

Jumanne. Mvua imekatika tangu adhuhuri na Malindi imebaki na jasho tu. Asubuhi kifua changu kilikuwa kikilia filimbi. Sasa kimetulia kidogo.

Leo daktari amenikatalia vidonge. Nilimwambia nataka vile alivyokuwa akimeza mama yangu, Mungu amrehemu, maana pumu imenishika nami ukubwani. Akaniuliza ni vidonge vipi, kwani viko vya aina mbili. Nikacheka. Nani avijue kunishinda?

Mama alikuwa mshona kofia za mkono, tundu kwa tundu. Alianza na vidonge vya salbutamoli. Kifua kikafunguka, lakini vidole vikawa vinatetemeka, uzi haupiti sindanoni. Shangazi akasema ni jicho la jirani aliyezisifu kofia, akafukiza ubani chumba kizima. Moshi ukamwamshia Mama pumu, tukamkimbiza hospitali.

Huko wakambadilishia, wakampa theofilini. Mikono ikatulia. Ila hakuacha kahawa yake chungu, na hakuna aliyetuambia kwamba kahawa na dawa ile havipatani. Moyo ukawa unamwenda mbio, usingizi ukampaa.

"Hiki chanipa pumzi, chaninyang'anya sindano," aliniambia. "Hiki chanirudishia sindano, chaninyang'anya usingizi. Nichague lipi, mwanangu?"

Pampu ya kuvuta alipewa pia. Akaificha kabatini chini ya leso. Watu walisema mwenye pampu keshafika mwisho, naye akawaamini.

Aliona haya.

Nami naona haya, nikiri. Ndiyo maana niliomba vidonge. Kidonge unakimeza kimyakimya, na hapana ajuaye.

Daktari alinieleza bila haraka. Salbutamoli ya kumeza huzunguka mwili mzima, ndiyo mikono ikatetemeka. Theofilini nayo, kipimo kinachofaa kiko karibu mno na kinachodhuru. Ya kuvuta hufika kifuani moja kwa moja, na hii aliyonipa niitumie kila siku, hata nikijiona mzima.

Njia nzima nimemkumbuka Mama, na kicheko chake, na alivyokuwa akizungumza sindano ikiwa mdomoni. Nimetamani awepo hadi nikalia. Na nimekasirika pia, kwa sababu dawa aliyoihitaji ilikuwa mle mle chumbani mwake.

Kesho asubuhi nitaketi kibarazani, majirani wakipita, nivute dawa yangu. Atakayeuliza nitamwambia ni pumu, na kwamba mama yangu alikuwa nayo.