Nauli ya Mbweni

Vikokotoni, Mjini Unguja
8 Agosti 1971

Mama yangu mpenzi, Bi Mwanapili,

Shikamoo. Mimi mzima na teksi nzima, ila breki inataka kutazamwa. Natumai goti lako limepoa na Shangazi Tabia ameachwa na homa.

Bwana Mcha anakuletea kwa lori lake, pamoja na barua hii, shilingi hamsini. Nunua mabati, uache kulala na ndoo kando ya kitanda. Zilivyopatikana nitakuhadithia ucheke. Jana nilimpakia hotelini Mzungu wa kike, yuko peke yake, mtu mzima wa umri wako, anataka Mbweni. Ni safari ya shilingi kumi, mama. Nikamtajia sitini, akatoa. Kule akaingia kwenye magofu ya misheni, akakaa, akakaa, mpaka nikachoka kupiga honi. Alipotoka nikamwambia zile zilikuwa za kuja, kurudi ni sitini nyengine. Akatikisa kichwa. Nikawasha gari nikaondoka, nikijua ataniita. Hakuita. Kwenye kioo nikamwona anavua viatu anaanza kutembea. Hapa kijiweni wenzangu wamecheka hata chai ikawapalia.

Mwanao,
Miraji


Mkokotoni
11 Agosti 1971

Miraji,

Marahaba. Salamu zako nazijibu kwa kuwa salamu ni haki ya mtu. Tabia hajambo. Goti langu lisingekuwa kitu, kama si barua yako.

Umemwacha mwanamke njiani, jua la saa saba, katika nchi asiyokuwa na ndugu wa kumwita, kisha ukaniandikia nicheke? Baba yako aliendesha teksi ya watu miaka kumi na mitatu. Akimwona mgeni bandarini anatafuta gari la kumpeleka Shangani, alimwonyesha kwa mkono na kumwambia, "Hapa hapa tu, tembea." Alipofariki niliuza bangili zangu na mkufu wa mahari nikanunua gari hilo, ili ule jasho lako. Sikulinunua upate kupora watu. Na hao wenzako waliopaliwa na chai, waambie mama yako kasema wamepaliwa kidogo mno.

Hamsini zako nimeshazitoa nyumbani mwangu, usiniulize zimekwenda wapi. Lililobaki ni lako. Nenda hotelini, usimame mbele ya yule bibi, umwombe radhi kwa ulimi wako. Kiingereza cha kumtajia sitini ulikipata, cha kuomba radhi nacho utakipata. Nimeuliza; yupo mpaka Jumapili, saa nane anakwenda kiwanja cha ndege. Usipokwenda, kumbuka kadi ya gari imeandikwa jina la nani.

Mama yako,
Mwanapili


Vikokotoni
12 Agosti 1971

Mama yangu,

Shikamoo tena. Mimi mzima, lakini barua yako imenichoma.

Wazungu wametutawala wakituita boi, sijamwona hata mmoja aliyerudi kuomba radhi. Leo mimi nikamwangukie mtu kwa shilingi hamsini, ambazo kwake ni za kununulia soda? Halafu hujui mambo ya kijiweni. Nikitoza kumi peke yangu, wenzangu watanitoa kwenye foleni. Ame alijaribu mwaka jana, akaamka akakuta matairi mawili yametobolewa. Wewe uko Mkokotoni, mama, mji huu umebadilika. Nilidhani utafurahia mabati.

Mwanao,
Miraji


Mkokotoni
13 Agosti 1971

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu ni ile ile.

Waliokuita boi wameshapanda meli yao wakaenda zao. Huyu aliyevua viatu hakukuita kitu. Na kama Ame ametobolewa matairi kwa kutoza haki, basi wiki hii ningelipenda niwe nimemzaa Ame. Mji naujua, nimekuzaa ndani yake. Jumapili, kabla ya saa nane.

Mama yako


Vikokotoni
16 Agosti 1971

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama, nawe Shangazi Tabia msalimie sana.

Sasa moyo wako utulie. Nilikwenda jana asubuhi, na kanzu nikavaa. Nilimkuta barazani anakunywa chai, nikamwomba radhi kama ulivyotaka. Akanishika mkono, akasema yamekwisha, hata machozi yakamtoka. Kweli ulivyosema, kuomba radhi hakumpunguzii mtu kitu. Basi naomba tusilitaje tena jambo hili. Breki nimeshaitengeneza, na Jumatano nina safari ya Paje na wageni wawili.

Mwanao mtiifu,
Miraji


Mkokotoni
17 Agosti 1971

Miraji,

Mimi mzima.

Jumanne ya wiki iliyopita nilipanda lori la Bwana Mcha, nikashuka mjini bila ya kupita kijiweni kwako. Nilikwenda hotelini na zile shilingi hamsini, nikamrejeshea mwenyewe. Msabah, anayekaa mapokezi, ndiye aliyetufasiria. Nyayo za yule bibi zilikuwa zimefungwa vitambaa. Mbweni hakwenda kutazama magofu. Kule amezikwa mama yake mdogo aliyemlea, alikuwa mwalimu wa misheni. Amesafiri siku tatu apate kukaa naye saa moja, na wewe ukampigia honi.

Nilimwambia, "Mwanangu atakuja mwenyewe, mimi nnamjua." Ningeweza kukuburura kwa sikio siku ile ile. Lakini radhi ya kuburutwa sikio si radhi, nikakuachia njia.

Jumapili nilirudi hotelini tangu saa mbili asubuhi. Tulikaa barazani mimi na yeye, hatuna lugha, tukamaliza birika mbili za chai. Kila ilipopita teksi alinitazama mimi, nami nikatazama barabara. Saa saba na nusu akafunga begi lake. Gari la kiwanjani lilipofika alinikumbatia, akasema neno, na Msabah akanifasiria: nisione haya. Nimeona haya, Miraji, na nikikuandikia hapa bado ninaona.

Uporaji ningekusamehe, nikasema ni njaa na wenzio wabaya. Lakini umemtoa machozi kwa kalamu mwanamke niliyekaa naye bega kwa bega tangu asubuhi, na macho yake makavu. Hilo limenishinda kulimeza.

Nyumbani njoo siku yoyote. Chakula chako kipo, wewe ni mwanangu na ninakupenda hata sasa nikiwa na hasira. Gari hutaliendesha tena. Bwana Mcha nimemwambia asiondoke akishakupa barua hii. Yuko hapo mbele yako, anangoja umalize kusoma. Mpe ufunguo.

Mama yako,
Mwanapili