Njia ya Treni Juu ya Makaburi Yetu

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Huu ni mwaka wa ishirini na sita tangu niondoke Butembo.

Mdogo wangu Kambale,

Habari za nyumbani? Mgongo wako umepoa tangu mvua zipungue? Na mama watoto, kifua chake kinaendeleaje? Binti yako Katungu aliniambia kwamba anakohoa tangu Noeli. Mimi niko, napumua. Magoti yanagoma kwenye ngazi, na baridi ya Ubelgiji inajua mahali pa kumwingilia mzee, lakini chakula napata na vitabu ninavyo. Kwa hiyo usije ukasema kwamba ni ugonjwa ulioniandikisha haya. Akili zangu ninazo zote.

Ujumbe wako wa juma lililopita niliusikiliza, nikaurudia. Unaniita kaka mkubwa kama zamani: "Yaya, umeisha kuzeeka, rudi sasa. Ukikufa kule, batakuweka mu frigo kama samaki. Rudi, tutakutafutia fasi." Nilicheka kidogo, maana mzaha wako haujazeeka. Halafu kicheko kikakatika. Kutafutiwa nafasi, mimi? Nafasi yangu ilikuwapo, Kambale. Ilikuwa kati ya baba na mama, kwenye migomba nyuma ya nyumba, na mama mwenyewe ndiye aliyesema iachwe wazi kwa mwanawe wa kwanza. Miaka yote hii ya ugenini sikuogopa kufa, kwa sababu nilijua nitalala wapi.

Basi tuongee habari ya treni, kwa kuwa tangu siku ile hatujaigusa.

Katungu alikuwa akinirekodia mikutano ile ya kampeni kwenye simu yake. Niliisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza mpira. Mheshimiwa, ambaye wakati ule alikuwa mgombea tu, alisimama katika ukumbi wa parokia akasema kwamba treni nyepesi itatoka katikati ya mji, ipande hadi kilima chetu, na baadaye isukumwe mpaka Beni. Treni isiyo na moshi, kama za Ulaya. Mwanaume mmoja akapiga kelele kutoka nyuma:

"Mheshimiwa, umeme ya kuchaji telefone haiko! Treni itavutwa na nini, na mbuzi?"

Ukumbi ukacheka. Kisha akasimama mama mmoja, mkimbizi wa vita kutoka Kamango. Akasema:

"Mie nilitoka kwetu na batoto ku mugongo. Ku njia ya Beni banachoma mamotokari na batu ndani. Sasa munataka kutupakiza mu treni, batuchome bote mara moja?"

Hapo hakuna aliyecheka. Kama mkutano ungeishia hapo, ningekuwa na nafasi yangu mpaka leo. Lakini mheshimiwa anatujua. Hakumjibu mama yule. Aliuliza swali lake mwenyewe:

"Barabara munapitaka kila siku, nani aliitengeneza? Ni serikali ya Kinshasa?"

"Hapana!"

"Na daraja ya chini kule?"

"Hapana! Njo sisi!" Ndio sisi, ukumbi mzima ukajibu.

"Basi munangoja nani? Nyie mufungue njia, chuma itakuja yenyewe!"

Makofi yalikaribia kupasua simu yangu.

Hapo ndipo alipotushika. Sisi watu wa Butembo tumezoea kujifanyia. Serikali isipokuja tunachangishana, tunatoka salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, kila mtu na jembe lake, na barabara inapatikana. Nimejivunia jambo hilo mbele ya wageni huku mpaka wamechoka nami. Lakini barabara ya udongo ni jembe na mgongo. Reli inataka watu wa kuipima, watu wa kuilipia, watu wa kuitilia sahihi, na katika rekodi zote za Katungu sikumsikia hata mmoja wao. Nadhani ni sisi peke yetu duniani tunaoweza kufyeka njia ya treni kabla ya kuuliza kama treni ipo. Baba alichimba barabara ya Wabelgiji kwa fimbo, akatusimulia akionyesha makovu. Ninyi mmechimba ya mheshimiwa kwa wimbo.

Huku ninakoishi, pembeni ya mji, nako walibishania tramu miaka mingi. Nilikwenda kwenye mikutano yao. Waligombana juu ya mahali pa kusimamisha magari, juu ya kelele za vyuma, juu ya mti wa matunda wa bibi mmoja. Siku niliyoinua mkono, jirani alimwuliza mwenzake, kwa sauti ya kutosha niisikie: "Na huyu naye anataka tramu impeleke kwao?" Nikashusha mkono. Kwa hiyo usidhani nawasifu. Lakini reli yao ilipoyafikia makaburi ya kale, ambayo hata majina hayasomeki tena, waliipindisha ikazunguka. Napita pale kila nikienda kwa daktari. Magurudumu yanalia kwenye ile kona, nami natazama sakafu.

Sasa Jumamosi ile.

Kwetu kaburi la baba haliguswi bila neno la mwana wa kwanza. Ulilijua hilo, ndiyo maana ulinipigia. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Nikasikia umati, nyimbo za salongo, na mapanga kwenye mikaratusi ambayo baba aliipanda mwaka nilioanza shule. Ukasema:

"Yaya, batu bote bako hapa. Nimeweka telefone juu ya kaburi ya tata, sauti inatoka inje, bote banakusikia. Sema tu ndiyo. Njia inapita hapa sawasawa."

"Na mifupa mtaipeleka wapi?"

"Ku makaburi ya parokia. Padri amekubali. Sema, yaya, batu banangoja."

"Kambale, hiyo treni iko wapi?"

Kelele za watu zikasogea mbali ghafla. Nikajua umeichukua simu na kuiweka sikioni.

"Itakuja! Kila mutu ametoa ya kwake. Unataka mie peke yangu nionekane adui ya maendeleo? Mie njo naishi nabo hapa, hapana wewe!"

"Hapana. Nimekataa. Baba na mama wabaki walipo."

Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinande chetu, kusiwe na kisingizio. Kelele za watu zikarudi. Kisha nikakusikia ukiwaambia watu, kwa ile sauti yako ya shangwe:

"Rezo imekatika! Lakini amekubali, amesema ndiyo kabla ya kukatika."

Mtandao haukukatika. Ulisahau kuifunga simu, ukaitia mfukoni, nami nikabaki na kisu mkononi nikisikiliza. Nilisikia jembe la kwanza. Nilisikia mzee mmoja akisema, "Polepole, polepole, hapana kuvunja." Na nilikusikia wewe unalia. Hilo nalo nimelihesabu upande wako, na kwa ajili yake nimenyamaza muda wote huu, nikingoja hasira ipoe. Haijapoa.

Mheshimiwa alichaguliwa akaenda zake Kinshasa. Mvua ikashuka kwenye kile kilima mlichokivua nguo. Katungu alinitumia picha: njia ya treni imekuwa korongo, na wanaosafiri juu yake ni mbuzi na vijana wa chukudu wanaoteremsha mbao, wakisukuma zile baiskeli zao za miti kwa bega. Sehemu iliyobaki tambarare, watu wa mheshimiwa wamechomeka vigingi na wanaiuza viwanja, parseli kwa parseli. Pale kwetu, kwenye migomba ya mama, kunajengwa depo ya bia. Hukuniambia. Uliniambia tu kwamba kilima "kinaendelea".

Nilimwomba Katungu aende makaburi ya parokia, anipigie picha ya msalaba wa baba na wa mama. Alizunguka asubuhi nzima. Mlinzi alimwonyesha kipande cha ardhi akasema, "Njo hapa, ao pale. Siku ile bahamishwaji balikuwa bengi, hatukuandika majina." Binti yako alinipigia akilia, nikambembeleza mimi. Sasa, Kambale, tufanye umenitafutia hiyo nafasi uliyoiahidi. Nitalala karibu na nani?

Usimkaripie Katungu. Katika nyumba nzima yeye peke yake aliona kwamba nina haki ya kujua. Mpe mama watoto pole ya kikohozi, anywe dawa asingoje maombi tu. Dada yetu Masika, muuza viazi sokoni, mwambie nasikia kwaya yake katika rekodi za misa na sauti yake naitambua. Mjomba fundi wa mbao, najua alikataa kushika jembe siku ile, akakaa nyumbani mlango umefungwa. Mshike mkono kwa ajili yangu. Na yule mama wa Kamango, kama bado yupo Butembo, mtafute umsalimie, ingawa hanijui. Swali lake halijajibiwa, na njia ya Beni bado inaungua.

Nilikuwa nimepanga kuja mwaka huu, baada ya Pasaka. Sikukwambia, nilitaka kukushtua kwa furaha. Juma lililopita nilikwenda kwa padri wa hapa tukazungumza, naye amenionyesha mahali pa kaburi langu, karibu na ukuta wa kanisa lake. Si pazuri. Kuna upepo, na majirani wote ni wageni kwangu. Nimekubali, na jina langu limeandikwa.

Wewe ni mdogo wangu na simu yako nitaipokea kila utakapopiga. Ukitaka tuzungumze juu ya watoto, juu ya viazi, juu ya vita, tutazungumza. Juu ya kurudi, usiniulize tena.

Ni mimi, kaka yako Mumbere.

Sitarudi Butembo.