Kwa Dada Nyamizi, na kwa Afande Atakayetangulia Kusoma

Dada yangu Nyamizi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba, soksi juu ya soksi, na bado baridi ya huku Marekani inaniuma masikio kana kwamba ina ugomvi nami. Zaidi ya hayo ni mzima, ninakula, ninasoma. Nyie hapo Nsemulwa mmeamkaje? Kifua cha Baba kimetulia, au bado anadai kwamba dawa ni asali peke yake na waganga wa hospitali wanamsumbua bure? Wapwa zangu wanasoma? Na wewe mwenyewe, unapata usingizi? Hilo la mwisho ndilo ninalotaka kulijua kuliko yote, maana barua yako nilianza kuisoma nimesimama, na nilipoimaliza nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za posta, watu wananiruka.

Ilifika imefunguliwa na kufungwa tena, kama zile zilizoitangulia. Safari hii ilibandikwa kwa uji wa muhogo, niliutambua kwa kidole. Uliniambia niandike mambo ya kawaida tu, nisije nikawaongezea matatizo. Nimelifikiria hilo wiki nzima, dada, na nimeona siwezi. Kuna mtu anasoma barua zetu kabla yetu, na kumfanya kama hayupo ni kukosa adabu. Kwa hiyo nivumilie. Barua hii ni yenu wawili, na kwa kuwa yeye atatangulia, naanza na yeye.

Afande, hujambo? Habari za kazi, na habari za nyumbani kwako? Jina lako silijui, lakini sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo, nimeiacha iishe kwanza ndipo nikashika kalamu.

Mimi ni Luhende, mdogo wake Nyamizi, mtoto wa mrina asali wa Ugalla. Nipo huku kusomea kompyuta. Yule mwanamume mliyemhoji, Nestori, ni shemeji yangu, mume wa Nyamizi, tena ni katibu wa chama chetu cha warina asali hapo Mpanda. Wazazi wake walipokimbia Burundi yeye alikuwa mgongoni kwa mama yake. Amekulia kwenye makazi ya wakimbizi, akatoka kwa kibali kuja kufanya kazi ya chama, akamwoa dada yangu. Sasa dada ananiambia kompyuta ya chama mmeichukua, Nestori ameamriwa asitoke mjini, na faili lake limepelekwa mkoani, Sumbawanga. Wakiona kule kwamba kuna jambo, kibali chake kitafutwa, atarudishwa makazini, na dada yangu atabaki na watoto Nsemulwa akimtembelea mume wake kwa ruhusa ya ofisi. Hilo ndilo linalonikosesha raha, na ndilo ninalokuandikia.

Dada amenieleza ilivyokuwa siku ile. Mlifika ofisini mkamkuta Nestori kwenye meza na Baba yetu kwenye benchi. Mkawasha mashine. Kioo kikawa cheusi, na kistari kimoja kidogo kinawakawaka pembeni, basi.

"Mbona haisemi kitu?" mmoja wenu akauliza. "Inasubiri nini?"

"Inasubiri uiambie unachotaka, afande," Nestori akajibu.

"Nataka inionyeshe kilichomo."

"Hamna kitu. Ni vya kwetu tu."

"Vya kwenu vipi? Mizinga? Mna mizinga mingapi?"

"Ipo, afande."

"Nimekuuliza mingapi!"

"Ipo ipo tu."

Hapo Baba, badala ya kusaidia, akadakia kutoka kwenye benchi: "Kijana, nyie huko kwenu hamkufundishwa? Hayo hayaulizwi hivyo."

Mashine kimya, shemeji kimya, na mzee anakemea. Disketi zimetoka Marekani, mpaka uko karibu, ng'ambo ya ziwa watu wanachinjana, na silaha kweli zinavushwa. Afande, ningekuwa mimi, na mimi ningeibeba ile mashine. Nakwambia ukweli wangu.

Ila kuna kitu hukukijua, na hakuna aliyekwambia kwa sababu kwetu hakisemwi. Watu wa nyuki hatutaji idadi ya mizinga. Ukiitaja kwa sauti, nyuki wanahama, au ndivyo wanavyoamini wazee, na hata sisi tuliosoma hatujawahi kuthubutu kujaribu. Marehemu mama, Baba akirudi porini baada ya miezi, hakumuuliza hata siku moja amerina mizinga mingapi. Alikuwa akiuliza tu, "Nyuki hawajambo?" Basi, maongezi ya kazi yameisha, analetewa maji ya kuoga.

Sasa sikiliza la ajabu. Nestori hakuzaliwa na desturi hii. Kwao walilima maharage na migomba. Msimu wake wa kwanza porini na Baba, alirudi kambini mbio akitaja kwa furaha mizinga yote iliyoingia nyuki. Baba alimkatalia kushika moshi wa kufukuzia nyuki siku nzima, akamkalisha apepete dagaa. Hakurudia tena. Siku ile mbele yenu alijibu kama mkwe aliyefunzwa vizuri. Angebaki kuwa yule kijana wa makazini angewatajieni kila kitu papo hapo, nanyi mngekunywa chai mkaondoka. Amekuwa mtu wetu kabisa, na ndicho kilichomponza.

Usidhani ninakucheka. Mimi mwenyewe nilipotua huku, ofisa wa uhamiaji aliniuliza nyumbani tumezaliwa wangapi. Kwetu watoto nao hawahesabiwi kwa sauti, nikamjibu, "Tupo." Akarudia, na mimi nikarudia. Niliwekwa kwenye chumba cha pembeni, nikatoa idadi kwa kunong'ona, na siku ile nzima nilijisikia vibaya.

Sasa upande wa mashine. Yenyewe ni kuukuu, padri mmoja alikiachia chama alipohama. Programu iliyomo niliituma mimi, na kazi yake ni kutunza habari za asali: nani ameleta, mzinga wenye alama gani, nta kiasi gani. Baba alikubali idadi ya mizinga iingie humo kwa sababu mashine haitamki. Alisema, "Hiyo ina adabu, inajua kunyamaza." Tukacheka. Leo sicheki.

Programu hii ni ya wazi. Jioni nafanya kazi kwenye maabara ya chuo, na pale tuna mawasiliano na watu wa nchi nyingi wanaoandika programu na kuziacha wazi, yaani maandishi yake ya ndani yanaonekana, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kumpa jirani. Hazina chumba cha siri. Nilivyokuja huku nilizipenda siku ile ile, kwa sababu mzinga nao uko hivyo: umeutundika juu ya mti, kila apitaye anaona ulivyochongwa, akitaka akachonge wake. Tunachoheshimu ni alama ya mwenyewe tu.

Lakini nilipoisoma barua ya dada nimeona upungufu wetu. Tunajisifu kwamba kila kitu ni wazi, halafu tunamkalisha mtu mbele ya kioo cheusi na kistari. Wazi kwa nani? Nilimuuliza hivyo kijana mmoja wa pale maabara, akanijibu kwamba anayeshindwa asome maelezo. Maelezo yenyewe ni Kiingereza, na ni marefu kuliko uvumilivu wa Baba. Afande, mlango usio na kufuli na usio na kishikio ni ukuta tu. Wewe uliambiwa hakuna siri, na hukuweza kuona chochote. Kwa nini usishuku?

Na kuna jambo jingine ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Chama kiliniomba niwawekee kufuli ndani ya programu, ili idadi ya mizinga isionwe na wanunuzi wajanja. Zipo programu za kufuli kama hizo, nzuri sana, zinageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo. Sikuituma. Dorothi, mama anayesimamia maabara yetu, alinikataza. Nchi hii inazihesabu kufuli hizo pamoja na bunduki na risasi, na kuzitoa nje bila kibali cha serikali yao ni kosa. Mtoto wa mrina asali kumtumia baba yake kufuli, nimekuwa mfanyabiashara wa silaha! Dorothi mwenyewe sheria hiyo haipendi, anaandika barua kwa wabunge wao, lakini alinishika bega akaniambia, "Wewe ni mgeni, wewe usijaribu." Nilimsikia.

Kwa hiyo huku wanaogopa kufuli isitoke, na huko mnaogopa kufuli isiingie, na katikati wamesimama warina asali wanaotaka mambo yao yawe yao. Maoni yangu, na unaweza kuyaandika kwenye faili, ni haya. Serikali ina haki ya kuangalia njia ya ziwa, na ninataka iangalie, maana dada yangu anaishi hapo. Lakini mtu kuwa na jambo lake la ndani si uadui. Wewe mwenyewe una mambo usiyomwambia mkubwa wako wa kazi. Kama kila aliyenyamaza ni jasusi, wazee wote wa Ugalla watajaa Sumbawanga, na nchi haitakuwa salama zaidi, itakuwa imekosa asali tu.

Nimefanya nilichoweza. Ndani ya bahasha kuna rundo la karatasi: ni programu yote, maandishi yake ya ndani toka mwanzo mpaka mwisho, na pembeni nimeeleza kwa Kiswahili kila sehemu inafanya nini. Dorothi alikaa nami jioni nyingi akiniuliza hili kwenu mnaliitaje na lile mnaliitaje, mpaka sasa anajua kusema "nta" na "debe" vizuri kuliko baadhi ya vijana wa Dar. Ipo na disketi mpya. Ukiitia kwenye mashine, haitanyamaza tena. Itakusalimia, itajieleza kwamba ni kitunza habari za asali cha chama, kisha itakuonyesha unachoweza kuchagua, kwa Kiswahili chetu cha kawaida. Yule kijana wa maabara aliyesema watu wasome maelezo amekuja kuiangalia, akaniomba naye aichukue salamu ile kwa ajili ya programu yake. Nimempa. Ndivyo tunavyofanya kazi.

Idadi ya mizinga utaiona humo, afande. Nimempigia Baba simu pale kwa mapadri, nikamwomba ruhusa. Akasema, "Asome kwa macho. Asiitamke." Hilo tu ndilo ninalokuomba kwa niaba yake. Soma kwa macho, kisha waandikie Sumbawanga kwamba umeona ni mizinga ya nyuki.

Sasa wewe, dada yangu. Najua umekasirika mpaka hapa, nakusikia ukisema, "Luhende na mdomo wake." Kama nimekosea, nikemee kwenye barua ijayo, nina mgongo. Lakini wewe uliniandikia kwamba Nestori ameacha kwenda hata kanisani, anaogopa wenzake wataonekana vibaya kwa kukaa naye benchi moja. Ananyamaza hata nyumbani, umesema, mpaka watoto wamemuuliza kama anaumwa. Sikuweza kuandika habari za hali ya hewa baada ya maneno hayo. Mwambie shemeji kwamba jibu lake siku ile lilikuwa sahihi. Mwambie neno hili limetoka kwangu, na Baba naye amwambie kwa mdomo wake, nimemwagiza, asijifanye amesahau.

Upendo wangu mkubwa ni kwenu nyote hapo nyumbani. Msalimie Baba, mwambie mwanawe anamsalimu kwa kilugha, mwangaluka. Wapwa zangu wabusu, uwaambie theluji niliyowasimulia haiwezi kutumwa kwa posta, wasiniombe tena. Wasalimie mama mkwe wako kule makazini na mwenyekiti wa chama, na yule mama mzee wa jirani anayekuletea mboga sasa kwa kuingilia mlango wa nyuma ili asionwe. Mwambie siku moja ataingilia mlango wa mbele.

Bahasha hii sikuipaka gundi, nimeifunga kwa uzi tu, ili anayeifungua asipate kazi ya kuichana. Ikikufikia imebandikwa vizuri kwa uji wa muhogo, usiogope, dada. Ujue kuna mtu hapo Mpanda ameyasoma mambo yetu yote, kisha akaona afadhali ayafunge, mwingine asiyaone.

Ndimi mdogo wako,
Luhende