Stendi ya Leki Elfu Kumi na Tatu

Jumapili, 9 Juni

Jana harusi, hoteli ya barabara ya Voskopojë. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Na stendi ikaniaibisha.

Wimbo wa pili tu, maiki ikaanza kushuka. Polepole. Nikaifuata — kidevu, halafu shingo, halafu magoti. Ubeti wa mwisho niliumaliza nimeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Vangjush nyuma yangu na akodiani lake, anacheka mpaka anapotea kwenye wimbo. Ndani ya gari akasema, "Dada Eftali, nilidhani unamsujudia bwana harusi." Ligor hakucheka. Aliendesha tu, gitaa lake kiti cha nyuma limefungwa mkanda kama mtoto.

Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Stendi tuliinunua sokoni, leki elfu mbili. Bomba jembamba, miguu mitatu, kifundo cha plastiki. Ukikikaza sana kinapasuka. Ukikilegeza, maiki inashuka. Hiyo ndiyo habari yake yote.

Lakini tatizo si stendi. Hapa simdanganyi mtu, hakuna anayesoma. Ni mkono. Wa kulia. Tangu Machi hautulii. Nikishika maiki inanigonga meno, na spika zinawapelekea watu wote. Ndiyo maana niliwaambia wenzangu nataka kuimba kwenye stendi. Nikasema ni mtindo, waimbaji wa Tirana wote wanasimama hivyo sasa. Waliamini. Nadhani waliamini.

Jumanne, 11 Juni

Mazoezi gerejini kwa Ligor. Hatukufanya mazoezi. Tuligombana.

Nimewaambia nataka stendi ya maana. Ile nzito, ya duka la Dhimitraq, elfu kumi na tatu. Ligor akaweka gitaa chini. Akasema watu wa Korça wanakuja kusikia serenata, nyimbo za mapenzi, hawaji kutazama bomba. "Stendi ni chuma, dada. Chuma ni chuma. Itaimba badala yako?"

Nikasema ile ya sasa itaangukia mtu. Mwezi uliopita nusura impige mtoto wa watu aliyekuwa anacheza karibu.

Vangjush akasema tuifunge utepe ule mweusi wa mafundi umeme. Yeye kila kitu anakifunga utepe. Hata miwani yake.

Ligor: "Miaka ishirini umeshika maiki mkononi. Unashuka, unazunguka meza, unawaimbia wazee mbele ya pua zao. Ndicho watu wanachokupendea. Leo umekuwa mlingoti?"

Nikasema bega. Bega linaniuma.

"Bega," akasema. Akanitazama muda mrefu. "Bega lipi?"

Nikasahau nilikusudia lipi. Nikasema yote mawili.

Mwishoni wakakubali, itoke kwenye mfuko wa bendi. Ligor amekubali kama mtu anayeng'olewa jino. Kwa nini anipinge hivi? Hajawahi kuwa bahili kwangu.

Alhamisi, 13 Juni

Dukani kwa Dhimitraq. Alikuwa mkweli, sikutarajia. Akasema mtu anayeimba mara mbili kwa mwaka asipoteze pesa yake, achukue ya rahisi. Anayeimba kila wiki atanunua za rahisi mpaka azeeke na bado atakuwa anafuata maiki kwa magoti. Kwenye hii kifundo ni chuma kitupu. Chini si miguu mitatu, ni sahani ya chuma, nzito. Nilijaribu kuiinua, ikanyanyuka kidogo tu.

Nikauweka mkono wa kulia kwenye bomba. Nikakunja vidole.

Ukatulia. Au ulitetemeka na chuma hakikujali, sijui. Kwa macho ulitulia. Nilisimama pale nimekishika mpaka Dhimitraq akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, unatafuta stendi au unatafuta egemeo?"

Nikasema stendi. Nikalipa.

Mjomba Sotir alianza hivi hivi, na mkono wa kulia. Mwisho alikuwa anakunywa supu kwa mrija na sisi watoto tukikatazwa kumtazama. Alikuwa fundi saa. Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 16 Juni

Jana bustani ya mkahawa, watu wa kawaida, bia na nyama. Stendi ilisimama kama mnara wa kanisa. Maiki haikushuka hata unywele. Niliimba — Mungu anisamehe kujisifu — niliimba kama zamani. Kumbe miezi hii yote nusu ya pumzi yangu ilikuwa inaenda kwenye kuuchunga mkono. Sasa naushikisha chuma, nausahau, sauti inarudi. Kama mtu angeniuliza jana saa ile kama elfu kumi na tatu zilistahili, ningesema hata thelathini.

Halafu wimbo wa tano, wa taratibu, gitaa peke yake. Nikasikia ti-ti-ti-ti. Kwenye spika. Vangjush akaanza kuchomoa nyaya, akidhani kuna mbovu. Ti-ti-ti.

Ilikuwa pete. Pete yangu ya ndoa inagonga bomba.

Kati ya beti mbili nikaivua, nikaitia mfukoni. Kimya. Vangjush akanionyesha dole gumba, anaona ametengeneza yeye.

Ligor hakutazama nyaya. Aliendelea kupiga, akitazama vidole vyake.

Jumatano, 19 Juni

Nina magauni mawili ya wateja ya kupunguza na sijayagusa. Uzi hauingii kwenye tundu. Jana nilijaribu mpaka macho yakatoka machozi, nikaacha.

Leo nimekuta sindano tatu zimechomekwa kwenye kimto changu cha sindano, zote zina uzi. Nyeupe, nyeusi, buluu. Petraq alikuwa ameshaondoka, ana jiko la kuni la kutengeneza kijijini. Mume wangu hajawahi kushika sindano tangu nimjue.

Aliporudi nikaandaa meza. Tulipokaa akauliza, "Pete iko wapi?"

Nilikuwa nimesahau kuivaa. Tangu Jumamosi.

Nikasema vidole vimevimba, joto hili.

Akageuka akatazama dirisha. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Ijumaa, 21 Juni

Jirani Polikseni amekutana na Petraq kwa muuza mkate. Amemwambia mkeo siku hizi anavua pete akiimba, na anaimba akimwelekea mpiga gitaa. Petraq ameniletea maneno hayo pamoja na mkate, akaviweka vyote mezani.

Nikasema Polikseni ana ulimi mrefu kuliko barabara ya Tirana.

"Najua," akasema. "Sikukuuliza juu ya Ligor. Nimekuuliza juu ya pete."

Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe. Ingekuwa rahisi zaidi kama angeona wivu.

Jumapili, 23 Juni

Sikulala vizuri. Nitajaribu kuandika yote, ingawa herufi zangu zimekuwa ndogo kama za daktari.

Harusi ya jana ilikuwa kijijini Drenova. Mambo yalikwenda vizuri mpaka keki ilipokatwa. Baba wa bibi harusi akaja jukwaani. Mama yake mzee yuko meza ya mbele, haoni, ana miaka tisini na kitu. Anaomba serenata moja aimbiwe karibu, sikioni, kama zamani walivyoimbiwa wasichana chini ya dirisha. "Shuka, mama Eftali, mshike mkono bibi yetu."

Watu wakapiga makofi. Wananijua. Miaka ishirini nashuka.

Nikabaki nimeshika bomba. Kuichomoa maiki — kuishika mkononi, mbele ya ukumbi mzima, meno yagonge — sikuweza. Nikajaribu kuinyanyua stendi. Ikaburuta sakafu, ikapiga kelele kwenye spika kama ng'ombe. Ile sahani niliyoilipia iwe nzito ilikuwa nzito kweli. Baba wa watu akaanza kukunja uso. Nikasikia mwanamke mmoja akisema, amekuwa nyota sasa, hashuki.

Ndipo Ligor akaweka gitaa kwenye kiti. Akaja, akaikumbatia stendi kama gunia la unga, akashuka nayo ngazi, waya ukimfuata, mpaka kwenye meza ya bibi. Akaiweka. Akapima urefu. Akarudi kuchukua gitaa lake, akaja akapiga magoti kando ya kiti cha bibi. Watu wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Walishangilia sana.

Nikaimba. Bibi akapapasa hewani akautafuta mkono wangu, akaupata. Wa kulia. Akaushika kwa mikono yake miwili, kavu na ya moto. Sikuweza kuuondoa. Niliimba beti zote tatu, na kila nilivyotaka utulie ndivyo ulivyozidi, ndani ya mikono ile.

Nilipomaliza, kabla ya makofi, bibi akasema, "Mwanangu, mbona unatetemeka hivi? Unaumwa?"

Maiki ilikuwa pale katikati yetu, kwenye stendi isiyotikisika. Ukumbi mzima ulisikia.

Halafu Vangjush, jukwaani, akaanzisha valle, ngoma ya duara, ya haraka, kwa nguvu zote, na watu wakashikana mikono wakacheza. Mungu ambariki. Kwenye gari hakufanya mzaha hata mmoja. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Petraq hakuwapo. Lakini Drenova ni hapo tu, na Polikseni ana dada yake kule.

Jumatatu, 24 Juni

Ligor amekuja. Bila simu, saa za kazi, na shati safi. Petraq alikuwa uani anakwangua bomba la jiko. Wakasalimiana kama kawaida, habari za afya, habari za watoto. Halafu Ligor akaingia jikoni na kusimama mlangoni, kofia mkononi.

Akasema, "Tangu Machi, dada."

Nikauliza tangu Machi nini.

"Najua tangu Machi. Unadhani miaka ishirini yote nilikuwa natazama nyuzi? Siku ile ulipoigonga maiki kwenye meno mara mbili, ukasema meno bandia. Huna meno bandia."

Nikakaa. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alinipinga juu ya stendi. Kwa nini alinisema mbele ya Vangjush, mlingoti, sijui nini.

Akaigeuza kofia. "Nilidhani ukikosa stendi utatuambia. Ukipata stendi utaendelea kujificha nyuma yake. Ndicho nilichodhani. Pengine nilikosea. Umeimba vizuri tangu tuinunue, siwezi kukataa. Ile pesa haikupotea."



Akasema kuna daktari Tirana, alimtibu dada yake mkubwa. Pengine si kitu kile ninachofikiri. Kuna kutetemeka kwa aina nyingi, akasema, kama kuna baridi za aina nyingi. Pengine ndicho. Lakini tarehe ishirini na tisa kuna harusi nyingine, na Julai yote imejaa, na yeye ataibeba stendi popote nitakapotaka kwenda, mgongo wake bado mzima. Ila hataibeba tena kama sijamwambia yule bwana pale uani.

"Yeye anajua," nikasema. Nikamweleza habari za sindano.

"Basi mwambie anachojua."

Ametoka. Nilidhani ameondoka. Nimechungulia — hapana, amekaa kwenye benchi pamoja na Petraq. Hawazungumzi. Ligor ameshika upande mmoja wa bomba la jiko na Petraq anakwangua.

Sasa hivi Petraq ameita, bila kugeuka, "Efta, tupatie kahawa."

Nimeipika. Naandika hapa ikitoa povu, nimesimama. Tangu Pasaka sibebi sinia mbele ya mtu. Wakija wageni namwomba Petraq abebe, nasema mgongo. Bega, mgongo, vidole, joto. Nimeuchosha mwili wangu mzima kwa ajili ya mkono mmoja.

Vikombe vitatu. Kwanza nilivijaza nusu.

Nimevijaza tena, mpaka ukingoni. Glasi tatu za maji pia, na vijiko. Nimejaribu kuinyanyua sinia mara moja, nimeirudisha mezani. Ililia yote, vikombe, vijiko, glasi.

Uani kukwangua kumekoma. Wamesikia. Hakuna anayekuja kunisaidia, wote wawili wametulia, wananingoja.

Naweka kalamu chini. Sinia naibeba mwenyewe.