Kijani Kilichotuponza

Jumanne. Joto, vumbi, na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Nimerudi kwangu Kawajense kutoka kijijini na hasira ambayo hata kuoga hakujaiondoa.

Kazi yangu ni kurusha droni. Mradi wa kurudisha misitu unapiga picha maeneo yaliyokwisha miti upande wa Mishamo, ili wajue wapi wapande na wapi paachwe paote penyewe. Wiki iliyopita nilirusha juu ya kijiji chetu. Kote udongo mtupu, isipokuwa kipande kimoja cha kijani: ngitili, malisho ya akiba ya baba mdogo. Nikavimba kichwa. Nikamwonyesha bosi.

Sisi Wasukuma ngitili tunaifunga masika yote. Haingii ng'ombe, hata ndama. Majani yanakua, miti inachipua, na kiangazi kikikaza ndipo mifugo inaruhusiwa kula. Baba mdogo alikuwa aifungue wiki hii.

Bosi akaona msitu. Akasema huu umejirudisha wenyewe, ulindwe. Leo asubuhi wamechimbia nguzo za mpaka kuizunguka yote, na mifugo marufuku.

Wenyewe, anasema. Kana kwamba ng'ombe wa kijiji kizima walijizuia kwa adabu zao.

Nilimweleza. Akanijibu kwamba picha haidanganyi, na nisilete mambo ya ukoo kazini.

Namchukia huyu mtu. Nimeandika na sifuti.

Kutoka hapo nikaenda kwa baba mdogo. Ng'ombe wamesimama zizini, mbavu nje. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alitazama tu begi la droni mgongoni mwangu.

"Walioharibu hawajaguswa," akasema. "Mimi niliyetunza ndo umeniletea watu."

Amesema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kesho mradi una kikao na wanakijiji. Bosi ataonyesha ile picha ukutani, na nimeambiwa nikae kwenye projekta, nibonyeze, ninyamaze. Kubonyeza nitabonyeza. Halafu nitasimama mbele ya wote niseme hicho kijani ni cha nani, na kilifungwa masika yote kwa ajili ya nini. Akinifukuza, anifukuze. Droni ni yake.

Kikao kikiisha nitampigia goti baba mdogo tena, palepale mbele za watu. Safari hii siinuki mpaka aitikie.