Swali la Nne

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko mahabusu? Kifua kinaendeleaje? Mimi na mama ni wazima, ila usingizi hatuna.

Chuoni wameniingiza kwenye mashindano ya kesi za kuigiza, na mwalimu ananifundisha kuhoji mashahidi. Anasema uliza maswali ya ndiyo au hapana tu, yale ambayo majibu yake unayajua. Kamwe usiulize "kwa nini". Ukishapata unachotaka, keti.

Wakili hatuna, kwa hiyo baba mdogo utamhoji wewe mwenyewe. Anasema alikuona ukitoka karakana kabla haijaungua. Muulize matatu: Kulikuwa na giza? Ulikuwa ng'ambo ya barabara? Uso wangu uliuona? Kisha keti, baba. Nakuomba.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, mwenyewe nipo nipo tu. Tunafanya mazoezi selo nzima. Mwizi wa kuku ndiye baba yako mdogo, na kwa kulia hana mpinzani. Nikichelewa kuketi wananivuta shati.

Sikuchoma kitu, mwanangu. Nashindwa kuelewa mdogo wangu amepatwa na nini.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tumeshinda! Nimeitwa mhoji bora, nikapewa kikombe. Roho inaniuma kwamba fainali iliangukia siku ya kesi yako, na mama alikuwa na homa, ukabaki peke yako mle ndani. Niambie haraka, uliketi?

Binti yako

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera sana. Kikombe kiwekwe sebuleni, kila mgeni akione.

Maswali matatu yalikwenda kama ulivyosema. Giza? Ndiyo. Ng'ambo? Ndiyo. Uso? Hapana. Hakimu akaandika, askari akanikonyeza. Nikaanza kuketi. Halafu nikamtazama mdogo wangu, nikajikuta nauliza, "Sasa kwa nini unasema ni mimi?"

Akaangua kilio. "Kaka, kuchechemea kwako nakujua tangu utotoni. Ningekutambua hata kwenye giza." Alivyolia, hata mimi nilikaribia kumwamini.

Hukumu imesomwa leo, mapema kuliko tulivyoambiwa. Miaka tisa. Kwa kifua hiki sidhani kama nitaimaliza. Mwambie mama taratibu.

Ulinionya, najua. Mwalimu wako usimlaumu, kanuni yake ni ya mashahidi. Yule ni mdogo wangu, nilimfundisha kutembea mimi.

Baba yako